Pepa za CPA ukiwa na kazi na familia Mombasa: mwongozo kamili wa kufika siku ya mtihani bila kuachia njiani

Kila matokeo ya kasneb, bodi inayotahini wahasibu Kenya, yanapotoka, ujumbe ninaoletewa ni uleule: "Mwalimu, nilianza vizuri lakini nikaachia njiani." Anayeuandika huwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mhasibu wa hoteli kule Nyali, au dada anayeshika vitabu vya duka la jumla Kongowea. Ada walilipa. Vitabu walinunua. Wiki nne za mwanzo walisoma kwa bidii, kisha mwezi ukaisha na hesabu za kufunga, binamu akaoa, mtoto akashikwa na homa, na kitabu hakikufunguliwa tena hadi mkesha wa mtihani.

Mimi pia nilianguka pepa ya kodi mara mbili nikiwa nimeajiriwa, na tangu nipite nimekuwa nikiwasaidia wengine jioni. Jambo moja nimeliona likijirudia kwa karibu wote. Mtu hachoki kwa uvivu. Anachoka kwa sababu amesoma kurasa 40 na hana njia ya kujua kama zimemsogeza hata alama moja. Moyo hauvumilii kazi isiyoonyesha mazao. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kipimo kimoja kidogo cha kila siku, yaani swali moja la alama 20, na juu ya kalenda ya Mombasa jinsi tunavyoiishi.

Nazungumzia CPA, mitihani ya uhasibu ya kasneb, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayofanya hapa. Anayefanya ACCA, mitihani ya uhasibu ya Uingereza yenye awamu za Machi, Juni, Septemba na Desemba, abadilishe tarehe na hesabu ya dakika. Mengine ni yaleyale.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Silabasi ya sasa ya kila pepa unayofanya. Usitumie uliyorithi kwa rafiki aliyemaliza zamani.
- Karatasi za nyuma za awamu sita zilizopita, yaani miaka miwili, zikiwa zimechapishwa. Kwenye simu utajikuta unasoma meseji.
- Kitabu kimoja cha kila pepa. Kimoja tu. Mwenye vitabu vitatu hutumia jioni nzima kuchagua.
- Kikokotoo kilekile utakachoingia nacho chumba cha mtihani.
- Kalenda kubwa ya ukutani, ya zile zinazogawiwa madukani mwisho wa mwaka, na kalamu mbili: nyekundu na ya buluu.
- Daftari la kurasa 96 la kuandikia makosa.
- Saa yenye kengele, isiyo ya simu ukiweza.
- Taa ya kuchaji, kwa kuwa umeme hukatika na swali haliwezi kungoja.
- Majina mawili: mtu mmoja wa nyumbani na mwenzako mmoja wa masomo. Kazi yao nitaieleza mbele.

Kama hata kimoja hakipo, kitafute wiki hii kwanza. Nimeona mipango mizuri ikivunjika kwa sababu ya kukosa karatasi za nyuma zilizochapishwa.

## Hatua ya 1: Chagua awamu kwa kuangalia kazi yako

Kasneb hufanya mitihani Aprili, Agosti na Desemba. Wengi huandikisha awamu inayofuata kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Hapo ndipo wanapojiponza, maana kila awamu ina mzigo wake.

Aprili. Kampuni nyingi hufunga mwaka wake wa hesabu tarehe 31 Desemba, kwa hiyo Januari hadi Machi wakaguzi wamejaa ofisini na wewe ndiye unayetafutiwa vocha. Ndiyo miezi ya joto kali pia. Katika miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, ikitangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kabla yake, katika Shaabani, watu huwahi kuozesha, na harusi zilizosubiri mfungo uishe hufuatana Mfunguo Mosi, wakati wewe unarudia masomo. Mwislamu wa Mji wa Kale mwenye kazi ya ukaguzi anayeandikisha pepa nne za Aprili amejitwika gunia zito sana.

Agosti. Marejesho ya kodi ya mwaka huisha 30 Juni, na kwa kampuni binafsi nyingi Julai inapumua. Hali ya hewa imepoa. Kwa wengi wa Mombasa naiona ndiyo awamu bora kuliko zote. Ila kama umeajiriwa na kaunti au shirika la umma, mwaka wenu wa fedha umefungwa 30 Juni na taarifa za hesabu zinatakiwa ndani ya miezi mitatu. Agosti ni moto kwenu.

Desemba. Mhasibu wa hoteli ya pwani aikimbie. Wageni wanajaa na likizo hazitolewi. Kwa mtu wa bandari, wa shule au wa kaunti, Oktoba na Novemba huwa na nafasi ya kutosha.

Utajua umechagua vyema ukiweza kutaja wiki kumi na nne kabla ya mtihani na kusema, kwa kila mwezi, kazi gani itakubana na tarehe ngapi.

## Hatua ya 2: Hesabu siku zako za kweli, kisha ndipo uamue idadi ya pepa

Tundika kalenda. Chukua kalamu nyekundu, uanze kuondoa siku ambazo hutasoma. Ndiyo, unaanza na siku za kutosoma.

Wiki kumi na nne ni siku 98. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, huwasilishwa kabla ya tarehe 9 kupita, na kodi ya ongezeko la thamani kabla ya tarehe 20. Anayeshika kazi hizo aweke nyekundu tarehe 6 hadi 9, na 18 hadi 20. Ni siku saba kwa mwezi, 21 kwa miezi mitatu. Ongeza siku tatu za kufunga kila mwezi: 9. Siku moja ya kupumzika kila wiki, Ijumaa kwa wengine, Jumapili kwa wengine: 14. Zimebaki 54. Toa saba nyingine kwa mambo yasiyopiga hodi, kama homa ya mtoto, msiba au gari kuharibika. Umebaki na siku 47.

Ukiandikisha pepa sita, kila pepa inapata maswali yasiyofika manane. Ukiandikisha mbili, kila moja inapata 23, karibu sawa na pepa tano nzima za maswali matano matano. Hakuna haja ya kubishana na hesabu hiyo. Mwenye kazi ya kutwa na nyumba ya kuangalia aandikishe pepa mbili. Tatu, kama mwajiri amekupa likizo ya masomo kwa maandishi.

Chagua moja ya hesabu na moja ya maelezo: usimamizi wa fedha pamoja na sheria ya kampuni, kwa mfano, au uhasibu wa usimamizi pamoja na ukaguzi. Kuna usiku akili itakataa kugawanya 7 kwa 3, lakini bado itaweza kusoma wajibu wa wakurugenzi.

Onyo. Utasikia aibu mwenzako akikuambia yeye anafanya sita. Mwache. CPA ina ngazi tatu, mbili za kwanza zikiwa na pepa sita kila moja, na pepa uliyopita imepita. Kupita mbili kila awamu ni pepa sita kwa mwaka, ngazi nzima, bila kurudia na bila kulipa ada mara mbili.

## Hatua ya 3: Saa moja yenye dakika 36

Hii ndiyo hatua inayobeba zilizobaki. Isome mara mbili.

Pepa ya CPA ni saa tatu kwa alama 100. Dakika 180 ukizigawa kwa 100 unapata dakika moja na sekunde 48 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 36. Saa moja ya kusoma, basi, ina dakika 36 za kujibu na dakika 24 za kusahihisha. Hiyo ndiyo kazi ya siku. Ukimaliza, umemaliza, nenda kalale au ucheze na watoto bila kujilaumu.

Ifanye hivi:

1. Usiku wa jana, chagua swali. Liweke mezani na karatasi tupu, kalamu na kikokotoo. Asubuhi hakuna kutafuta.
2. Weka kengele dakika 36. Jibu kwa mkono, au kwa kompyuta kama ngazi yako hufanyiwa kwenye kompyuta. Usifungue kitabu.
3. Kengele ikilia, acha. Piga mstari mahali ulipofika, hata kama ni katikati ya mizania.
4. Sahihisha kama msahihishaji mgeni asiyekuonea huruma. Hesabu za pembeni zilizoandikwa wazi zina alama zake hata jibu la mwisho likikosea. Hesabu uliyoifanya kichwani haina alama.
5. Andika alama yako kwenye kalenda kwa kalamu ya buluu, ndani ya kisanduku cha siku hiyo: 6, 9, 11.
6. Kosa lililokula alama nyingi liandike kwenye daftari la makosa, ukitaja aina yake.

Aina za makosa ni tatu. "Sikujua": rudi kwenye kitabu, soma sehemu hiyo peke yake. "Nilijua nikateleza": hukubeba salio, ulisahau kugawa kwa miezi, uliweka tarakimu upande usio wake wa urari. Kosa hili haliponi kwa kusoma tena mada. Linapona kwa kurudia swali lilelile baada ya siku tatu. La tatu ni "muda uliniishia", na dawa yake ni kuanza na vipande rahisi na kuachana na kipande kilichokataa.

Wengi huniuliza: "Nitajibuje swali la mada ambayo sijaisoma?" Siku ya kwanza ya mada mpya, ruhusu jibu lililofanywa. Linakili lote kwa mkono polepole, ukijiuliza kila tarakimu imetoka wapi. Kesho yake fanya swali lilelile bila kutazama. Na mara moja kwa wiki, alasiri ya Jumamosi au Jumapili, kaa saa mbili usome mada ya wiki inayokuja.

Sasa utaona kwa nini nilikuambia hamu inataka mazao. Wiki ya kwanza kalenda itaonyesha 4, 7, 5, 8. Inauma, lakini ni taarifa. Alama ya kupita ni 50 kwa 100, yaani 10 kwa kila swali la 20. Ukifika wiki ya tano na kuona 9, 11, 10, 12, hutahitaji mtu wa kukutia moyo. Ukuta wako umeshakuambia.

Onyo la pepa ya kodi. Majibu ya karatasi za nyuma huzeeka. Sheria ya Fedha hubadilika karibu kila mwaka, na mabadiliko mengi huanza 1 Julai. Mfano ulio wazi: tangu 27 Desemba 2024, mchango wa bima ya afya wa SHIF, asilimia 2.75, na tozo ya nyumba, asilimia 1.5, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE. Anayejifunza kwa jibu la 2022 atapata kodi isiyo sahihi na ataamini amepatia. Fanya swali la zamani, lakini lisahihishe kwa sheria ya sasa.

## Hatua ya 4: Tafuta saa inayokufaa na mahali pasipokufukuza

Usiku ndio wakati ambao wengi huuchagua na ndio unaowaangusha. Umetoka kazini saa kumi na moja, umekaa kwenye foleni ya daraja la Nyali au umesubiri feri Likoni, umefika nyumbani saa moja, umekula, na joto halijaondoka ndani ya kuta. Ukifungua kitabu saa tatu usiku, usingizi unakushinda kabla ya ukurasa wa pili.

Jaribu saa kumi na moja alfajiri. Upepo upo, watoto wamelala, simu haiiti. Mwislamu aswali kwanza, kisha akae moja kwa moja na swali lake hadi saa kumi na mbili, kabla ya chai na mahamri. Mwezi wa Ramadhani saa hii huwa bora zaidi: umekwisha kula daku, umeswali, na tumbo bado lina nguvu. Alasiri ya mfungo usijidanganye.

Akina mama wenye watoto wachanga huniambia alfajiri ndiyo saa ya kunyonyesha. Kweli. Kwao nimeona mbili zikifaulu: kufika ofisini mapema kabla ya wenzao, au kutumia saa ya chakula cha mchana ndani ya chumba cha mikutano, mlango umefungwa na mezani pana chupa ya maji na matunda yaliyokatwa nyumbani. Anayefanya kazi kwa zamu kwenye ghala za makontena asijifunge kwa saa maalumu. Aseme "saa moja baada ya kuamka", zamu iwe ya mchana au ya usiku. Ila swali baada ya zamu ya usiku, kabla ya kulala, halina faida. Lala kwanza.

Safari isipotee bure, lakini usiigeuze darasa. Jirekodi kwa sauti yako mwenyewe ukisoma maelezo ya ukaguzi au vifungu vya sheria ya kampuni, dakika tatu tatu, na uzisikilize kwenye matatu. Sauti yako hukumbukika kuliko ya mtu mwingine. Kwenye feri tia spika sikio moja tu. Umati ni mkubwa na unatakiwa kusikia tangazo na kulinda mfuko wako.

## Hatua ya 5: Zungumza na watu wa nyumbani kabla hawajakasirika

Kosa tunalolifanya ni kusema "nipeni nafasi, nasoma". Nafasi gani? Mpaka lini? Mtu wa nyumbani anaona mlango uliofungwa tu. Keti na yule uliyemwandika kwenye orodha, mume, mke au mama, na umwonyeshe ile kalenda yenye nyekundu na buluu.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa Mishomoroni alianza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mtihani wangu ni Agosti. Nataka saa moja tu kila alfajiri, mpaka nimalize. Hapa penye nyekundu sisomi, siku hizo ni zako. Harusi ya Mwanaisha nitakuja usiku wa kupamba na siku ya nikahi, lakini zile siku za katikati za kupika naomba uniombee radhi kwa shangazi."

Mama akamjibu: "Ungeniambia hivyo mwaka jana, nisingegombana nawe. Shangazi yako mwachie mimi."

Angalia alichokifanya. Alitaja mwisho wa jambo, akataja kiasi, akatoa kitu kwanza kabla ya kuomba, na akamwomba mkubwa amsemee kwa wakubwa wenzake. Kwetu pwani kijana akikosa harusi kimya kimya ameivunjia familia heshima. Akisemewa na mama, ana udhuru.

Msiba ni tofauti. Msiba nenda. Tulizihesabu zile siku saba kwa ajili ya hilo.

Utajua mazungumzo yamefaulu pale mtu wa nyumbani atakapokuuliza mwenyewe, "Leo umeandika ngapi ukutani?"

## Hatua ya 6: Mwenzako mmoja, picha moja

Makundi ya WhatsApp ya watu mia na kitu yana faida ya kupata karatasi za nyuma, basi. Ukikaa humo jioni utasoma wasiwasi wa watu mia na kitu. Chukua unachokitaka, kisha uyanyamazishe.

Unachohitaji ni mtu mmoja anayefanya angalau pepa moja na wewe. Kila siku ya buluu, kabla ya saa tatu usiku, mnatumiana picha ya jibu lililosahihishwa pamoja na alama. Hakuna maelezo marefu. Asiyetuma anapigiwa simu kesho yake, kwa upole: "Vipi kaka, uko salama?"

Mara moja kila baada ya wiki mbili, badilishaneni majibu, kila mmoja amsahihishe mwenzake. Utashangaa jinsi ulivyokuwa ukijihurumia.

Asiwe bosi wako, na asiwe mtu mnayeshindania cheo kimoja kazini. Urafiki wa namna hiyo hauna ukweli wa kutosha.

## Hatua ya 7: Wiki ya tano na ya sita, pale wengi wanapoanguka

Nimeitenga hatua hii peke yake kwa sababu ujumbe mwingi ninaoletewa unatoka hapa. Upya wa kuanza umeisha na mtihani bado uko mbali. Alama zimepanda hadi 8 au 9 na zimekwama hapo. Kazini kumetokea jambo. Unaruka siku moja, ya pili, kisha unaona haya hata kuitazama ile kalenda.

Ziko kanuni mbili nilizozishika mimi.

Ya kwanza ni dakika tisa. Siku iliyoharibika kabisa, umerudi saa nne usiku, mgongo unauma, chukua kipande cha alama 5 tu. Dakika tisa. Kiandike, kipime, andika "3/5" kwa buluu, lala. Alama zile tatu hazitakupitisha mtihani, lakini kesho hutaanza kama mtu aliyeacha. Unaendelea tu.

Ya pili: usilipe deni la siku zilizopita. Ukiruka siku tatu, usijaribu kufanya maswali manne siku ya nne. Utachoka na utaruka tena. Siku zilizoruka ziwekee nyekundu, zihesabie ndani ya zile saba za dharura, na ufanye swali la leo.

Kama alama zimekwama kwenye 8 na 9 kwa siku kumi, fungua daftari la makosa uhesabu aina. Mara nyingi utakuta nusu ni "nilijua nikateleza". Basi wiki hiyo usifanye swali jipya hata moja. Rudia yale uliyoteleza. Nimeona mtu akipanda kutoka 8 hadi 12 kwa wiki moja ya namna hiyo, bila kujifunza kitu kipya.

Onyo. Kuna uchovu wa kawaida na kuna mwili unaokukataza. Usingizi ukikutoka wiki nzima, moyo ukienda mbio, chakula kikikataa, simama. Nenda kwa daktari na ongea na watu wako. Awamu nyingine ipo baada ya miezi minne.

## Hatua ya 8: Wiki mbili za mwisho na siku yenyewe

Badilisha kipimo. Mara mbili kwa kila pepa, kaa saa tatu kamili ufanye pepa nzima, saa ileile ya mtihani wako. Mkono unaumia na mgongo unachoka saa ya tatu. Ni bora uyajue hayo ukiwa nyumbani. Siku zilizobaki soma daftari la makosa peke yake. Mada mpya iache.

Pita kwenye kituo chako cha mtihani siku moja kabla, kwa usafiri uleule na saa ileile. Anayetoka Likoni au Mtongwe ajiwekee saa nzima ya ziada kwa ajili ya feri. Awamu ya Aprili huangukia masika, na mvua ikipiga barabara za kisiwani hujaa maji. Kama una jamaa Ganjoni, Tudor au Makupa, omba kulala kwake usiku huo. Hiyo si taabu kwa mtu; ndugu hufurahi kukuhifadhi.

Chumbani, tazama saa kila baada ya dakika 36. Swali likikatika katikati, acha nafasi, nenda lifuatalo. Umekwisha kulifanya hilo mara 40.

## Hatua ya 9: Matokeo yakitoka

Umepita zote mbili: pumzika wiki moja, waalike waliokuvumilia alfajiri, kisha rudi Hatua ya 1.

Umepata 46 au 47: usiandikishe siku hiyo kwa hasira, na usikae miezi sita kwa huzuni. Subiri siku tatu. Halafu toa ile kalenda ya zamani na utafute maswali ambayo hukuwahi kufikisha 10 hata mara moja. Mara nyingi ni ya mada mbili tu. Alama tatu au nne zilizokosekana zimelala humo. Andikisha pepa hiyo pamoja na moja mpya, ili usijione umerudi ulikotoka.

Umepata chini ya 35: hapo kuna kitu kikubwa. Ama siku za buluu zilikuwa chache mno, na kalenda itakuonyesha, ama ulikuwa unajisahihisha kwa huruma. Kama ni la kwanza, badilisha awamu. Kama ni la pili, mpe mwenzako asahihishe kila jibu lako kwa mwezi mzima.

Kisha tundika kalenda mpya, ushike kalamu nyekundu, uanze na tarehe 9 na tarehe 20.